Kobe wa Mwambani na Pesa za Kikundi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia. Tunayachapisha hapa ili vikundi ambavyo havikufika viweze kuyasoma pamoja.)



Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango, tunawashukuru kwa kuja. Tunajua leo ni siku ya soko, na wengine mmeacha ndengu juani bila mtu wa kuzianua mawingu yakija. Hatutawaweka sana.

Mmezoea kwamba tukija hapa tunazungumza juu ya daftari la mweka hazina, mbuzi wa maziwa, au namna ya kuchimba msingi wa bwawa la mchanga. Leo tumekuja kuzungumza juu ya kobe. Chekeni tu, hata sisi tulicheka siku ya kwanza. Lakini mkitusikiliza hadi mwisho mtaona kwamba jambo hili limekwisha kuingia ndani ya sanduku la pesa za kikundi. Lisipoangaliwa, litavunja vikundi vyetu kabla halijawamaliza hao kobe.

Yaliyotokea

Kuna kikundi kimoja cha mwethya, hatutakitaja jina, kilichokuwa kinajenga bwawa la mchanga. Akina mama ndio wengi, na wazee wachache. Mawe walibeba wenyewe, mchanga upo mtoni, na ofisi yetu iliahidi kumlipa fundi. Kikundi kilitakiwa kutoa mifuko 30 ya saruji. Kila mwezi mchango ulikuwa haba, kwa sababu mvua ilikuwa imekosa misimu miwili na watu hawakuwa na cha kuuza. Halafu, ndani ya wiki tatu, mchango ukatimia wote.

Sisi wa ofisi tulifurahi sana. Tuliwapigia makofi mkutanoni. Hata tukawatolea mfano kwa vikundi vingine: "Mnaona? Hawa hawakungoja mfadhili."

Hatukuuliza pesa zimetoka wapi.

Baada ya mwezi hivi, mama mmoja wa kikundi hicho alikuja ofisini. Alikaa kitambo kirefu bila kusema. Mwishowe akatuambia kwamba kuna magunia katika chumba cha nyuma cha duka fulani pale sokoni, na yameanza kunuka. Ndani yake ni kobe. Si kobe wale wakubwa tunaowakuta barabarani mvua ikinyesha. Ni wale bapa, wanaokaa kwenye nyufa za majabali.

Basi tukaelewa. Broka alikuwa anakuja na pikipiki kutoka mjini. Kobe mkubwa alimnunua shilingi 200, mdogo shilingi 100. Vijana wetu walipanda majabali asubuhi, wengine na mtaimbo mkononi, na jioni wakarudi na gunia. Pesa waliwapelekea mama zao, na mama wakazileta kwenye kikundi. Hakuna aliyeona kwamba ameiba. Kwani kobe ana mwenyewe?

Lakini safari ile broka hakurudi. Kwa wiki mbili kobe walikuwa ndani ya gunia, mmoja juu ya mwingine, bila maji. Chifu aliitwa, naye akawaita askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Magunia yalipofunguliwa walihesabiwa kobe 23. Tisa walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa hai, macho yamezama ndani na ngozi ya shingo imekunjamana kama karatasi.

Broka simu yake ilikuwa imezimwa. Waliochukuliwa ni vijana wawili wa kijiji, na mmoja ni mtoto wa mweka hazina wa kikundi. Mama yake ameuza ng'ombe wake wote wawili kwa ajili ya dhamana na wakili, na kesi haijakwisha.

Katika mkutano uliofuata kulikuwa na maneno makali. Wengine walimlaumu mama aliyesema, wengine wakamlaumu mweka hazina. Halafu nyanya mmoja alisimama akatugeukia sisi. Akasema, "Nyinyi ndio mlitupigia makofi. Mbona hamkuuliza?"

Hatukuwa na jibu, na bado hatuna. Ndiyo sababu tumekuja.

Tutumie njia tuliyoizoea katika jumuiya ndogo ndogo: tutazame, tupime, kisha tutende.

Tutazame

Kwanza, kobe huyu ni nani? Ni mdogo, urefu wake hauzidi sana shubiri moja. Ganda lake ni jembamba na linanyumbuka kidogo ukilibonyeza. Kobe wengine wakiona hatari hujikunja ndani ya ganda na kungoja. Huyu hukimbia, tena kwa kasi inayoshangaza, akaingia kwenye ufa wa jabali na kujibana humo. Ufa ndio nyumba yake na ndio ngao yake. Duniani kote anapatikana Kenya na Tanzania, na wachache kaskazini mwa Zambia. Hapa Ukambani wataalamu wamemchunguza sana pande za Nguni na Nuu kule Mwingi. Tena jueni hili: katika nchi yetu wengi wao hawako ndani ya mbuga za serikali. Wako katika ardhi ya wananchi, kwenye majabali yaliyo kati ya shamba lako na la jirani. Kwa hiyo mlinzi wake wa kwanza ni wewe unayelima pale chini.

Pili, anakwenda wapi? Hapelekwi kuliwa. Anapelekwa nchi za mbali, Ulaya, Marekani na Asia, ambako watu wananunua wanyama wa porini ili kuwafuga ndani ya nyumba. Mtu ana sanduku la kioo sebuleni lenye taa ya kuleta joto, na ndani yake anamweka kobe au nyoka au kinyonga. Wageni wakija wanatazama. Huyu kobe wetu anatafutwa kwa sababu umbo lake ni la ajabu.

Kenya ilizuia kumuuza nje tangu mwaka 1981. Biashara haikufa, ilihama njia tu. Mwezi wa Agosti 2019 nchi nyingi zilikutana Geneva chini ya mkataba wa kimataifa unaoitwa CITES, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoomba kobe huyu alindwe zaidi. Akaingizwa katika orodha ya kwanza, ile ya viumbe ambao ni marufuku kukamatwa porini na kuuzwa nje kibiashara. Yuko orodha moja na ndovu wetu. Kasuku wa kijivu, yule anayefundishwa kusema, nchi hizo zilikubali kumweka katika orodha hiyo mwaka 2016 kule Johannesburg, kwa sababu hiyo hiyo ya kupendwa na wafugaji hadi akakaribia kuisha porini.

Tatu, wanasafiri vipi? Hapa ndipo tunaomba mtulie msikilize, maana sisi wa kijijini tunaona mwanzo wa safari tu. Mwezi wa Machi 2019, katika uwanja wa ndege wa Manila nchini Ufilipino, yalifunguliwa masanduku manne ya nguo yaliyoachwa na abiria. Ndani kulikuwa na kobe na kasa zaidi ya 1,500 walio hai. Walikuwa wamezungushiwa selotepu mwili mzima, miguu na kichwa, ili wasitikisike. Mwaka uliotangulia, 2018, katika mji wa Toliara kisiwani Madagaska, iligunduliwa nyumba moja iliyojaa kobe karibu 10,000, bila chakula wala maji. Walichukuliwa kwenda kutibiwa, na bado mia kadhaa walikufa katika siku zilizofuata.

Hebu fikirini kuku. Ukimfunga kuku miguu na kumning'iniza kichwa chini kwenye baiskeli, atapiga kelele na wapita njia watakuambia umweke vizuri. Mbuzi akiwa na kiu atalia mpaka ukose usingizi. Lakini kobe halii, na hiyo ndiyo bahati mbaya yake. Unaweza kumnyima maji leo na kesho na wiki ijayo, akakaa tu vile vile. Anayemuuza anasema, "Huyu ni mzima." Anayemnunua anasema, "Huyu ni mzima." Kumbe anakufa polepole. Mwingine atafika katika ile nyumba yenye taa na kioo, alishwe chakula kisichomfaa, akose jua la kutosha, na ganda lianze kulainika. Mwenyewe alitaka kitu cha kutazama, hakujua kwamba kobe aliishi kwenye jabali la moto, akajificha ufani na kula majani ya nyika. Wengine huchoka naye baada ya muda mfupi, na kobe ni mnyama wa maisha marefu.

Kwa hiyo yule broka akisema, "Anakwenda kutunzwa vizuri huko ng'ambo," muulizeni ni wangapi wanafika.

Tupime

Tuanze na hesabu, kwa maana sisi ni watu wa vikundi na tunajua kupiga hesabu.

Kuku wa kienyeji anataga mayai 12, anaatamia siku 21, na mwewe akichukua wawili bado umebaki na vifaranga. Kobe huyu wa mwambani kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati. Yai hilo linakaa udongoni miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa, na mtoto huchukua miaka mingi kabla naye hajaanza kutaga. Sasa kijana akishuka jabalini na kobe kumi kwa siku moja, amebeba kazi ya miaka mingapi? Haitarudi msimu ujao kama ndengu.

Tena si kobe peke yake anayetoka. Kobe akijibana ufani, kijana hawezi kumvuta kwa mkono. Anatumia mtaimbo au jeki ya gari, anapasua jiwe. Ufa ule ulifanywa na jua na mvua kwa muda ambao babu wa babu zetu hawakuuona mwanzo wake. Ukishavunjika, hata tukileta kobe wengine hawana pa kukaa. Ni kama mtu aje kukuibia mbuzi, kisha achome na zizi.

Na mapato je? Kikundi chetu kilipata saruji. Mweka hazina amepoteza ng'ombe wawili, vijana wawili wana kesi, wanachama saba wameacha kuja mikutanoni. Broka yuko mahali fulani na laini mpya ya simu. Aliyeko Ulaya au Asia hatujui hata jina. Katika biashara hii pesa hupanda juu na hatari hushuka chini, na walio chini kabisa ni sisi.

Tupime pia kwa sheria. Wengine mnasema, sheria ya wanyama ni ya ndovu na kifaru, nani atamshtaki mtu kwa kobe? Tuwaambie juu ya kiumbe mdogo zaidi. Mwezi wa Aprili 2025, katika nyumba ya wageni upande wa Naivasha, walikamatwa vijana wawili kutoka Ubelgiji. Walikuwa na sisimizi. Ndiyo, sisimizi! Malkia wapatao 5,000 wa wale sisimizi wakubwa wanaovuna mbegu za nyasi, wakiwa wamefungiwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Huko Ulaya na Asia kuna watu wanaofuga sisimizi nyumbani kwa kuwatazama. Katika kesi ya namna hiyo hiyo walishtakiwa pia Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wote wanne, kila mmoja shilingi 1,000,000 au kifungo cha miezi 12. Hakimu alisema jambo lenyewe linakumbusha biashara ya utumwa: kiumbe kinatolewa kwao kwa nguvu, kinafungiwa na wengine wengi, kinapelekwa mbali.

Angalieni, Mkenya alitozwa sawa na wageni. Milioni moja ni milioni moja, uwe umetoka Ubelgiji au umetoka hapa. Kwa wageni pengine wazazi watatuma. Kwetu ni kuuza shamba. Na hao ni sisimizi, ambao hawamo katika orodha ile ya kwanza. Kobe wetu yumo. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 na marekebisho yake, kumkamata, kumweka au kumuuza bila kibali cha KWS kunaweza kuleta adhabu nzito zaidi ya hiyo.

Mwisho tupime kwa imani, maana sisi si askari, ni watu wa Kanisa. Katika semina iliyopita kijana mmoja alituambia, "Mungu alimpa mwanadamu kutawala wanyama, sasa mnatukataza nini?" Ni swali zuri. Tunamjibu kwa Biblia hiyo hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, watu wa Mungu wanaagizwa kwamba mtu akikuta kiota cha ndege njiani, asimchukue mama pamoja na makinda. Mama amwache aende zake. Ukitafakari utaona maana yake. Mungu hakukataza watu kula. Alikataza kumaliza. Mtawala mwema hamalizi raia wake.

Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba ni kinyume cha heshima ya binadamu kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu ya haja. Haikusema kinyume cha heshima ya mnyama. Imesema ya binadamu. Anayeshuka thamani ni yule anayefunga gunia. Papa Fransisko aliyarudia mafundisho haya katika barua yake ya mwaka 2015, Laudato Si', ambamo analia juu ya viumbe vinavyotoweka kwa ajili ya faida ya watu wachache, na papo hapo analia juu ya maskini. Hatenganishi vilio hivyo viwili. Nasi tumeona katika kijiji kile kwamba havitengani: kobe walikufa kwenye gunia, na ng'ombe wa mama wakauzwa.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kufuga mnyama ni dhambi. Mbwa na paka na kuku wamekaa na watu vizazi na vizazi, wanazaliana mikononi mwetu, na tunajua wanakula nini. Mtoto anayempenda mbwa wake anajifunza huruma. Tunasema juu ya mnyama wa porini anayeng'olewa kwao, anayesafirishwa kama mzigo, na kuwekwa mahali asipoweza kuishi kama alivyoumbwa.

Wala hatusemi kwamba njaa ni hadithi. Tumeketi nanyi kwenye misimu iliyokosa mvua. Tunajua mia mbili ni unga wa jioni. Mtu mwenye njaa ukimwambia "usiuze" bila kumwambia "fanya hivi," hujamsaidia, umemhubiria tu. Kwa hiyo tuendelee.

Tutende

Jambo la kwanza ni la vikundi. Kuanzia sasa, mchango mkubwa ukija ghafla, mwenyekiti aulize kwa heshima: "Ndugu, tunashukuru. Umetoka wapi?" Na katibu aandike jibu. Hili si la kumshuku mtu. Tunauliza mchanga umetoka mto gani kabla ya kujenga, kwa nini tusiulize pesa? Vikundi vingine vimekwisha kuongeza kifungu katika katiba yao kwamba kikundi hakipokei pesa zilizotokana na wanyama wa porini, makaa ya kuiba, au mchanga wa magendo. Tunawashauri na ninyi mfanye hivyo.

Sisi wa ofisi tumejiwekea kanuni hiyo hiyo. Hatutapiga makofi tena kabla ya kuuliza.

La pili ni la wazazi. Broka hawatafuti wazee, anawatafuta watoto, hasa wakati wa likizo. Waambieni watoto kwamba mgeni anayenunua kobe, kinyonga, ndege au sisimizi anawanunua wao pia. Akionekana, habari zimfikie chifu au KWS siku hiyo hiyo, kabla gunia halijajaa. Mama yule aliyekuja ofisini alilaumiwa. Lakini angenyamaza wiki moja zaidi, kobe wote 23 wangekufa, na pengine wangekamatwa vijana kumi badala ya wawili.

La tatu, mkiwakuta kobe kwenye gunia. Msiwamwage porini popote kwa haraka ya kuondoa ushahidi. Kobe huyu akiachwa mahali pasipo nyufa hataishi. Pigeni simu kwanza. Mkiwangojea askari, waondoeni juani, wawe mahali penye hewa, na maji kidogo kwenye sahani bapa, yasiyozidi kimo cha kidevu chake. Ulizeni walitolewa jabali gani, mwandike, kwa sababu bila kujua hivyo ni vigumu kuwarudisha kwao.

La nne ni majabali yenyewe. Tukilima mpaka kwenye shina la jabali, tukikata vichaka vyote na kuchoma, kobe anabaki na jiwe tupu bila majani ya kula. Kuacha ukanda wa vichaka kulizunguka jabali hakutupunguzii sana mavuno, na huzuia udongo kushuka mtoni. Tena vichaka hivyo ndivyo vyenye maua ya nyuki.

Hapo tumefika kwenye la tano, yaani pesa. Asali ya Ukambani inajulikana nchi nzima. Mzinga ukiwekwa karibu na jabali hautaki jabali livunjwe. Unataka maua yabaki. Ukirina vizuri na kuwaachia nyuki chakula chao, mwaka ujao wapo. Na kama kuna anayetaka kuuza viumbe ng'ambo kwa njia ya haki, basi ajifunze kwa wenzetu wa pwani, kaunti ya Kilifi. Kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pale Gede, kuna mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993. Wanakijiji wanapanda majani wanayokula viwavi, wanalea viwavi hadi wanapojifunga, kisha mabuu hayo yanauzwa nchi za nje kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Wana vibali. Msitu ukikatwa, vipepeo wa kuanzia wanakosekana, kwa hiyo aliyekuwa anapiga shoka ndiye sasa analinda. Hatusemi tutafuga vipepeo hapa kwenye ukame. Tunasema iko biashara inayomwacha mama wa kiota aende zake, na iko inayomchukua mama, makinda na kiota.

Kabla hatujamaliza, mtapenda kujua kile kikundi kimeishia wapi. Wengine walipendekeza bwawa liachwe, kwa kuwa limejengwa kwa pesa mbaya. Lakini saruji ikishakauka huwezi kuitoa ukutani. Nyanya yule aliyetuuliza ndiye aliyetoa shauri. Alisema bwawa lina deni, na deni hulipwa. Wakakubaliana kwamba siku moja kila mwezi mwethya wote unakwenda kwenye jabali lile: wamepanda katani kuzunguka chini, wameweka mizinga minne ya kwanza, na mtu akionekana na mtaimbo anaulizwa. Kila mwanachama pia anatoa shilingi 50 kwa mwezi kumsaidia mweka hazina na kesi ya mtoto. Wanachama watatu kati ya wale saba wamerudi.

Majuzi tulipowatembelea, mvua ilikuwa imenyesha na bwawa limeshika mchanga na maji. Akina mama walituchukua hadi kwenye jabali. Walituonyesha ufa mmoja ambao haukuvunjwa, wakatuambia tuiname tutazame ndani. Tuliona giza, kisha mguu mdogo wenye magamba, haukutikisika. Nyanya akasema, "Msimguse. Yuko nyumbani."

Mungu awabariki, na awabariki vijana wenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, katika eneo letu kuna watu wanaonunua wanyama au wadudu wa porini? Wanamlipa nani, na anayekamatwa ni nani?

2. Kikundi chetu kina njia gani ya kujua michango inatoka wapi? Tunaweza kuuliza bila kuvunja heshima ya mtu?

3. Mama aliyetoa habari alilaumiwa na wenzake. Sisi tungemfanyia nini?

4. Ni kitu gani kilicho kwenye majabali, msitu au mto wetu ambacho tunaweza kupata faida kwacho mwaka huu na bado tukikute mwaka ujao?

5. Kikundi kichague jambo moja la kutenda mwezi huu, kiliandike katika kumbukumbu, na kutaja atakayelifuatilia.